Kijiji cha Sobotište na Mfuko Wake wa Akiba

Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu



Tumepewa heshima kubwa ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Halmashauri imetutaka tusirudie habari za mahesabu, kwa kuwa hizo zimekwisha chapwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Basi tumeonelea tuwaleteeni habari za kijiji kimoja kidogo cha wakulima, kilicho mbali sana na hapa, katika nchi za Waslavi. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wakulima wa kijiji hicho walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa katika bara la Ulaya kuunda chama cha akiba na mikopo. Pili, kabla mkutano huu haujafungwa mtaletewa shauri: ziada ya mwaka huu, baada ya kutolewa fungu linalotakiwa na sheria, je, igawanywe yote, ama sehemu yake iwekwe iwe mwanzo wa mfuko wetu wenyewe wa kukopeshana? Shauri hilo si dogo, na yafaa kusikia waliotutangulia walifanya nini.

Jina la kijiji hicho ni Sobotište, na hutamkwa Sobotishte. Kiko magharibi ya nchi ya Slovakia, katika wilaya ya Senica, penye vilima karibu na mpaka wa nchi ya Cheki. Kijito kiitwacho Teplica hupita hapo. Wakazi wake hata leo hawafiki elfu mbili, yaani ni wachache kuliko wanachama wa baadhi ya vyama vyetu vya msingi. Wenyeji wake ni Waslovaki, mojawapo ya mataifa ya Kislavi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kicheki na Kipolandi. Ni watu wa ngano, shayiri, viazi, ng'ombe na miti ya matunda. Wakati wa baridi ardhi yao hufunikwa na theluji, wala hapana kinachoota. Kwa hiyo mkulima wa huko tangu zamani amejua kwamba asiyeweka chakula wakati wa mavuno atalia katikati ya mwaka.

Kijiji hiki kimeandikwa katika hati tangu mwaka 1241. Katika miaka hiyo yote kimepata kuona ushirika wa namna tatu, kila namna na watu wake, na kila namna na mwisho wake. Tutazitaja moja baada ya moja.

USHIRIKA WA KWANZA: WATU WA MALI MOJA

Mwaka 1546 walifika Sobotište wageni waliokuwa wakisema Kijerumani. Walikuwa Wakristo wa madhehebu yaliyoteswa sana zama zile, wafuasi wa Jakob Hutter, ambaye alichomwa moto mjini Innsbruck mwaka 1536. Waslovaki waliwaita Wahabani. Mabwana wa ukoo wa Nyáry, waliokuwa wenye ardhi ile, waliwapokea kwa sababu waliona faida: wageni hawa walikuwa mafundi hodari, wapole, na walipao kodi bila ugomvi.

Wahabani hawakuwa na mali ya mtu mmoja mmoja. Kila kitu kilikuwa cha wote. Walikula pamoja katika ukumbi mmoja, watoto wao walilelewa na kufundishwa pamoja, na kila fundi alitoa kazi yake ghalani naye akapewa mahitaji yake. Walijenga kiwanja chao kijijini, chenye nyumba ndefu zilizokizunguka. Walifinyanga vyombo vya udongo vyenye rangi nyeupe inayong'aa, vilivyopambwa kwa maua ya buluu, manjano, kijani na zambarau, na vyombo hivyo leo vimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Walifua visu, walisaga unga, walitibu wagonjwa. Nyumba zao waliziezeka kwa mabua ya nafaka yaliyofungwa imara na kukandikwa udongo wa mfinyanzi, hata moto ukitokea paa lisishike upesi. Kila mkulima aliyepata kuona kijiji kizima kikiteketea kwa cheche ya jiko moja anajua thamani ya ufundi huo.

Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Andreas Ehrenpreis, aliyewaongoza tangu mwaka 1639 hata alipofariki mwaka 1662. Siku zake zilikuwa ngumu. Vita vilikuwa vimepita na kuchukua watu, ghala na mifugo. Wenzao wa Moravia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1622, wakaja kujazana upande huu. Lakini taabu iliyomsumbua Ehrenpreis zaidi haikutoka nje. Ilitoka ndani. Ndugu walianza kufanya kazi za pembeni na kujiwekea fedha kwa siri, wengine wakiuza kwa faida yao vitu vilivyofanywa kwa mali ya wote. Ehrenpreis aliandika maagizo mengi, akakumbusha, akaonya. Hata hivyo kabla ya karne ile ya 17 kwisha, ule umoja wa mali ulivunjika. Kisha karne ya 18 ilipofika katikati yake, katika utawala wa Malkia Maria Theresa, waliobaki walilazimishwa kuacha madhehebu yao na kuwa Wakatoliki. Baadhi ya watu wa madhehebu hayo walikwisha kimbilia Transilvania, wakaenda Ukraine mwaka 1770, na kuanzia mwaka 1874 wakavuka bahari kwenda Amerika, ambako wajukuu wao wanaishi kwa mali ya pamoja mpaka leo.

Tusiwacheke watu hawa. Waliishi kwa utaratibu huo zaidi ya miaka mia moja, nasi leo tunasherehekea kumi. Lakini historia yao yatufundisha jambo moja. Ushirika unaomtaka mtu atoe kila kitu alicho nacho wahitaji moyo wa kitawa, na si watu wote wenye moyo huo. Na wale wasio nao wasipoambiwa ukweli, huanza kuuza kwa mlango wa nyuma. Sisi wenyewe twaijua habari ya mwanachama anayechukua pembejeo katika chama, kisha usiku akapeleka mazao yake kwa mlanguzi.

HALI YA WAKULIMA WASLOVAKI

Wakati Wahabani wakiishi katika kiwanja chao, Waslovaki wenyeji waliishi maisha mengine. Nchi yao ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Hungaria, chini ya wafalme wa ukoo wa Habsburg waliokaa Vienna. Mkulima hakuwa huru. Kwa amri ya mwaka 1767, mkulima aliyekuwa na kiwanja kizima alipaswa kumfanyia bwana wake kazi siku 52 kila mwaka akija na wanyama wake wa kukokota, ama siku 104 akija na mikono yake mitupu. Juu ya hayo alitoa fungu moja katika kila mafungu tisa ya mavuno kumpa bwana, na zaka kwa kanisa. Na amri hiyo ilihesabiwa kuwa ni huruma, kwa kuwa kabla yake mambo mahali pengi yalikuwa mabaya zaidi.

Haki ya kuuza pombe kijijini ilikuwa mali ya bwana pia. Kilabu cha pombe kilikuwa chake, au alikikodisha kwa mtu akapata kodi. Basi fikirini, wanachama wenzetu, jinsi duara lile lilivyozunguka. Mkulima amechoka kwa kazi isiyo yake. Jioni aenda kilabuni. Hana fedha, aandikiwa deni. Deni lalipwa kwa nafaka ambayo bado iko shambani. Nafaka ikivunwa si yake tena. Mbegu za mwaka ujao hana. Aenda kukopa mbegu kwa mwenye fedha, kwa riba anayoitaka mwenye fedha. Wahenga wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Ndugu zetu wa Kagera wanalo jina la jambo hili: kuuza kahawa ikingali maua mtini huliita butura, na serikali imelipiga vita mara nyingi. Haikuanza kwetu, wala si aibu ya kabila moja. Ni ugonjwa wa mkulima yeyote asiye na akiba, awe mweusi au mweupe.

Mwaka 1840 ilitungwa sheria iliyomruhusu mkulima wa Hungaria kujikomboa kwa fedha katika kazi za bwana wake, wakipatana. Mlango ulifunguliwa, lakini mkulima hakuwa na fedha ya kupita. Hapo ndipo tunapofika kwa mwalimu Samuel Jurkovič.

USHIRIKA WA PILI: CHAMA CHA WENYE MASHAMBA

Samuel Jurkovič alizaliwa mwaka 1796 na kufariki mwaka 1873. Alikuwa mwalimu wa shule ya Kilutheri hapo Sobotište. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na cheo. Lakini aliwajua watu wake, maana alikuwa amewafundisha wengi wao kusoma, na baadaye akawafundisha watoto wao.

Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa la fedha hata kidogo. Mwaka 1841 alianzisha kikundi cha michezo ya kuigiza kwa lugha ya watu wenyewe, katika nchi ambayo wakubwa wengi walidhani lugha hiyo haifai ila kwa kuswagia ng'ombe. Miongoni mwa waigizaji alikuwamo binti yake Anna, aliyezaliwa mwaka 1824, ambaye Waslovaki humkumbuka kuwa mwanamke wao wa kwanza kupanda jukwaani. Zamani zile ilihitaji ushujaa mwanamke kusimama mbele ya watu na kusema kwa sauti kubwa. Mwaka 1845 Anna aliolewa na Jozef Miloslav Hurban, mchungaji wa kijiji cha Hlboké kilicho jirani. Huko Hlboké mwaka 1843 Hurban na wenzake wawili, Ľudovít Štúr na Michal Miloslav Hodža, walikuwa wamekutana na kupatana juu ya lugha moja ya kuandikia Kislovaki. Mtoto wa Anna na Hurban, Svetozár Hurban Vajanský, alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa taifa lile.

Huenda baadhi yenu mnauliza, michezo ya kuigiza yahusianaje na akiba? Sisi twaona yahusiana sana. Watu waliokwisha kukaa pamoja jioni nyingi, wakajifunza maneno pamoja, kila mmoja akingoja zamu yake na kumwamini mwenziwe kwamba hatasahau sehemu yake, watu hao wamekwisha jifunza nusu ya ushirika. Kadhalika Jurkovič aliwakusanya watu wazima Jumapili kuwafundisha kusoma na kuandika, na aliwahimiza kuacha ulevi. Alitanguliza watu, fedha zilifuata.

Tarehe 9 Februari, 1845, katikati ya majira ya baridi, wakati shamba halina kazi na mkulima ana nafasi ya kufikiri, wanakijiji waliunda chama walichokiita Gazdovský spolok, maana yake Chama cha Wenye Mashamba. Tuikumbuke tarehe hiyo. Watu 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, ambao ushirika wote wa dunia huwataja kuwa baba zake, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba, 1844. Kati ya duka la Rochdale na mfuko wa Sobotište yalipita majuma saba tu. Schulze-Delitzsch wa Ujerumani alianza mfuko wake wa kukopesha mwaka 1850. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye jina lake lajulikana pote penye vyama vya akiba na mikopo, aliunda chama chake cha mikopo cha Heddesdorf mwaka 1864. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wa ushirika hukihesabu chama cha Sobotište kuwa chama cha kwanza cha mikopo katika bara la Ulaya.

Taratibu za chama hicho zilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu aliingia kwa hiari yake. Kila mwanachama alileta akiba ndogo kila juma, na fedha zile ziliwekwa pamoja. Aliyekuwa na haja ya kweli alikopeshwa katika mfuko huo, kwa riba nafuu ambayo mwenye fedha wa kilabuni asingekubali hata kuisikia. Wanachama walijichagulia viongozi wao wenyewe. Mwanachama alitakiwa kuishi maisha ya adabu na kujiepusha na ulevi. Na tena palikuwa na sharti moja ambalo sisi tulipolisoma lilitupendeza kuliko yote: kila mwanachama alipaswa kupanda miti miwili kila mwaka.

Tulitazame sharti hilo la miti. Mtu anayepanda mti wa matunda hatarajii kula mwaka uleule. Anasema kwa mikono yake kwamba atakuwapo, na asipokuwapo yeye watakuwapo watoto wake. Akiba ya kila juma nayo ni vivyo hivyo. Walevi hupenda cha leo. Watoza riba huishi kwa watu wapendao cha leo. Jurkovič hakuwakopesha wakulima fedha zake, maana hakuwa nazo. Alichofanya ni kuwazoeza kuweka cha kesho, juma baada ya juma, mti baada ya mti, mpaka wakawa na kitu cha kukopeshana.

Na kwa nini kila juma? Kwa sababu fedha ndogo ya juma moja haimuumizi mtu, bali fedha ya mwaka mzima ikidaiwa siku moja humshinda. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mtu anayekuja kila juma anaonekana kila juma. Akikosa mara moja, jirani yake anajua, anakwenda kumtazama kama ni mgonjwa. Mkopaji naye hukopa kwa majirani zake, si kwa mtu asiyemjua. Akichelewesha, anajua ni mbegu za nani alizozuia. Hiyo ndiyo dhamana waliyokuwa nayo.

Miaka ileile ilikuwa migumu. Viazi vilioza mashambani, na kati ya mwaka 1845 na 1847 njaa kali iliingia katika sehemu za kaskazini za Ufalme wa Hungaria. Chama kichanga kilizaliwa mlangoni pa njaa. Hata hivyo vijiji vingine vya jirani vilisikia habari zake, vikaanza kuiga.

KWISHA KWA CHAMA

Mwaka 1848 mapinduzi yalienea Ulaya. Kazi za lazima za wakulima zilifutwa katika Hungaria, jambo ambalo babu zao hawakuthubutu kuliota. Lakini Waslovaki walitaka pia haki ya lugha na ya taifa lao, nao hawakupewa. Mnamo Septemba mwaka huo Hurban, mkwewe Jurkovič, pamoja na Štúr na Hodža waliongoza watu wenye silaha kutoka upande wa Moravia mpaka Myjava, jirani kabisa na Sobotište. Hawakufaulu. Baada ya vita serikali iliyarudia mambo kwa mkono mzito, na mikutano ya watu ilitazamwa kwa shaka. Mwaka 1851 chama cha Sobotište kikakoma. Kilikuwa kimeishi miaka sita.

Miaka sita, mabwana na mabibi. Sisi tumetimiza kumi. Lingekuwa jambo rahisi kusema kwamba wao walishindwa na sisi tumeshinda, lakini hesabu ya namna hiyo si ya haki. Mfuko ulifungwa, waliojifunza kuweka akiba na kuendesha mkutano hawakufungwa. Vyama vya namna hiyo vilirudi tena kwa Waslovaki katika nusu ya pili ya karne ile, na nchi ya Chekoslovakia ilipoundwa mwaka 1918 ushirika wa wakulima ulistawi na kuenea. Katika Sobotište kumbukumbu ya mwalimu yule yatunzwa mpaka leo, na wanaushirika hufunga safari kwenda kukiona kijiji.

USHIRIKA WA TATU: USHIRIKA WA AMRI

Namna ya tatu ya ushirika haikuanzia kijijini. Ilikuja kwa karatasi kutoka juu. Wakomunisti walishika serikali ya Chekoslovakia mwaka 1948, na mwaka 1949 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika wa kilimo. Kwa maneno ya sheria, mkulima aliingia kwa hiari. Kwa kweli, aliyekataa alipangiwa kiasi cha mazao asichoweza kukitoa, watoto wake walifungiwa njia ya masomo, na wengine walitiwa gerezani. Kwa hati ardhi iliendelea kuwa ya mkulima; kwa matumizi haikuwa yake tena. Matrekta yalikuja, mazao katika miaka ya baadaye yaliongezeka, na mshahara wa mkulima ukatengenea. Hayo nayo ni kweli na yapasa kusemwa. Lakini neno lenyewe, ushirika, lilichafuka. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, na sheria ya mwaka 1992 ikawarudishia wanachama hisa zao, wengi hawakutaka kulisikia neno hilo, ingawa lilizaliwa kwao.

Hapa Tanzania nasi tumeonja jambo linalofanana na hilo, ijapokuwa sababu zake zilikuwa nyingine. Ushirika wetu ulikuwa na mizizi mirefu: chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933. Mwezi wa Mei mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Lakini wazee wetu waliokuwapo wamekwisha tueleza: jengo lilirudi, mzani ulirudi, gari lilirudi, imani ya wanachama ilichelewa sana njiani.

Shirikisho la Ushirika la Kimataifa, lilipokutana Manchester mwaka 1995, miaka 150 tangu siku ile ya Sobotište, lilitoa tamko la kueleza ushirika ni nini. Neno la hiari limo, na neno la kujitawala limo. Mwalimu Jurkovič angesoma tamko hilo bila kushangaa.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Sasa tunarudi nyumbani. Si kazi ya Katibu kuwaamulia wanachama namna ya kupiga kura. Kura ni yenu, na kila mmoja ana moja, mwenye miti elfu na mwenye miti hamsini. Kazi yetu ni kuweka mambo wazi, nasi twaweka matatu.

La kwanza: mfuko wa Sobotište ulianza kwa fedha ndogo za wakulima wenyewe. Haukungoja mfadhili wala mkopo wa benki. Wako wanaosema kwamba ziada yetu ya mwaka huu ni ndogo mno haifai kuanzishia mfuko. Twawajibu kwa heshima kwamba udogo si hoja. Hoja ni kama tutaongeza tena mwaka ujao, na mwaka wa tatu, bila kuchoka.

La pili: wako wanaosema, mwanachama amengoja mwaka mzima, apewe chake mkononi. Neno hilo nalo lina haki yake, wala asiambiwe anayelisema kwamba si mwanaushirika. Ada ya shule haingoji. Lakini twawaomba wenye neno hilo wakumbuke mwezi wa tatu na wa nne, wakati ghala ni tupu na mlanguzi anapita nyumba kwa nyumba na fedha taslimu mfukoni. Siku ile mwanachama atakwenda kwa nani? Kama hakuna mfuko wetu, atakwenda kwa huyo huyo, naye atauza kahawa ambayo bado ni maua.

La tatu, na hili linatuhusu sisi watumishi wenu zaidi kuliko ninyi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mtakubali mfuko uanze, basi sharti vitabu vyake visomwe mbele ya wanachama kila robo ya mwaka, katika kila chama cha msingi, kwa lugha ambayo kila mtu anaifahamu. Na majina ya waliokopa na waliolipa, wakiwamo viongozi na watumishi, yasomwe vilevile. Wahabani walivunjika kwa sababu ya masanduku ya siri. Wakulima wa mwaka 1949 walivunjwa moyo kwa sababu vitabu vilikuwa ofisini, nao walikuwa shambani. Katibu asiyetaka kusomewa vitabu vyake hadharani asipewe ufunguo wa sanduku, na tunasema hivyo tukijijua kwamba sisi ndio wenye ufunguo leo.

Kadhalika tunaleta ombi dogo, lisilogharimu chochote isipokuwa jasho. Kila mwanachama, katika mwaka huu wa kumi, apande miti miwili: mmoja shambani pake, wa kivuli au wa matunda, na mmoja penye kiwanja cha chama chake cha msingi. Miche yake yaweza kuoteshwa na vyama vyenyewe. Tukikutana tena baada ya miaka kumi, tutahesabu miti pamoja na fedha.

Tunawashukuru wazee waanzilishi walioanza kazi hii wakati ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kuazima. Tunawashukuru akina mama, ambao katika vyama vingi vya msingi ndio wanaochuma, wanaoanika na wanaobeba, ingawa kwa muda mrefu jina lililoandikwa kitabuni lilikuwa la mume peke yake. Tunawashukuru makarani, wapimaji na madereva.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa maneno hayo tunaurudisha mkutano mikononi mwako, ili shauri la mfuko lisomwe na wanachama watoe maoni yao.

 Udumu ushirika wetu.